Furushi Moja la Neema na Atu

Mama Neema,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea. Nimekaa mlangoni kwangu hapa Chanji, ungo wa mahindi mapajani, karatasi juu ya kigoda. Kengele ya shule imeshalia. Wanao hawajafika, na nikikaa bure nitatoka mbio kuwafuata, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na lile ninaloona aibu kulisema. Tangu ile homa ikuchukue ukamfuata baba yao kaburini, ndugu walikuwa wanasubiri arobaini wagawane watoto. Shemeji yako wa Msanzi alituma neno kwamba atamchukua Neema, ana nguvu, atamsaidia mke wake kulea. Dada yako wa Mbeya akasema Atu bado mdogo, atamfaa yeye. Ndivyo inavyokuwa kila msiba, unajua. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Basi wiki moja kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa watoto walikuwa kwangu mimi jirani yako, nikatumwa niandae nguo zao. Nikafua, nikaanika, nikakunja. Nikafunga mafurushi mawili, nikayaweka pembeni mwa mlango, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi mafurushi yapo, watoto hawapo.

Mama Neema, ndoo niliiacha hapohapo. Nikambeba mwanangu Yusta mgongoni, nikaenda sokoni, nikapita kwenye mitumba, nikafika stendi. Nikamuuliza kila kondakta wa gari: wasichana wawili, mkubwa miaka kumi na moja, mdogo sita, masweta ya bluu. Hakuna. Pale stendi wakaniona wale watoto wanaolala kwenye maboksi, ambao mimi na wewe tulizoea kuwarudisha kwao. Mmoja akaniuliza, "Mama Yusta, leo umemfuata nani?" Nikamtajia Neema na Atu. Leo aliyepoteza watoto ni mimi.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unasema: mtoto hakimbii nyumba, anakimbia jambo. Unakumbuka nyumba ya kwanza uliyonipeleka? Ya yule baba aliyepunguzwa kazi ghala la mahindi la serikali lilipofungwa. Mimi nilitaka nimuulize palepale kwa nini binti yake analala sokoni. Ukanifinya. "Pukuchua kwanza, mama Yusta." Tukapukuchua mahindi yao karibu debe zima, vidole vinawaka, wewe unaongelea baridi tu. Mwishowe mkewe akasema mwenyewe. Binti alirudishwa nyumbani mara tatu mbele ya wenzake kwa kukosa sweta na michango, na baba naye kila akimwona anamfokea, kumbe anafokea aibu yake. Ukaenda kwa mwalimu mkuu. Kina mama wa darasa letu, tuliokuwa tunajifunza kusoma kwako, wakafumua sweta kubwa la mitumba, wakamfumia la kwake. Na yule baba hukumsema. Ulimwomba chumba cha nyuma cha ghala, ambacho funguo alikuwa bado anazo, tukapata mahali pa kusomea, na yeye akawa anatufundisha kujumlisha. Binti akarudi. Yuko shule mpaka leo.

Sasa nikajiuliza pale stendi, jambo la Neema ni lipi? Mama, lilikuwa mlangoni kwangu. Nililifunga kwa mikono yangu, mafundo mawili.

Nikakimbilia ghalani. Walikuwa chini ya ubao wako. Atu amelala kwenye benchi, Neema anaandika majina yao kwa kipande cha chaki, moja chini ya jingine. Hakulia. Akasema, "Mama mdogo, hapa hawatugawi." Kilio kikawa changu.

Siku ya arobaini niliomba mbele ya ndugu wote watoto wasitenganishwe, wabaki kwangu. Shemeji yako aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Wewe binti, umesoma darasa la ngapi hata uje kuufundisha ukoo wetu?" Nikamjibu, "La nne, baba. Mengine kanifundisha marehemu." Watu wakacheka, yeye mwenyewe akajikaza asicheke. Nilimwaga gunia la mahindi katikati ya mkeka. Mkulima hawezi kutazama mahindi akatulia. Dada yako akaanza kupukuchua, shemeji akafuata. Rundo lilipokuwa kubwa nikaleta furushi, moja, nguo za wote wawili ndani ya kitenge chako cha kijani. Nikawaambia walikimbilia wapi, na kwa nini.

Shemeji akamaliza hindi zima ndipo akasema: "Wakae kwako. Lakini shule ikifungwa nitakuja. Nikisikia hata mmoja ameonekana stendi, kila mtoto na njia yake."

Hilo ndilo linalonila. Nyumba yetu vyumba viwili. Baba Yusta alipigilia misumari miwili zaidi ya kutundikia nguo, nikaelewa kwamba amekubali. Neema anaongea kidogo mno. Akichelewa kurudi kutoka kisimani, moyo wangu uko stendi. Darasa tunaendelea, najikwaa kwenye maneno marefu, wenzangu wananivumilia. Wiki hii tumeenda nyumba mbili. Tulipukuchua kwanza.

Nimetazama njia tena. Kuna sweta la bluu kwenye kona ya mashine ya kusaga. Ni Neema. Yuko peke yake. Ngoja nisimame.

Nimerudi. Atu alikuwa nyuma ya ukuta, anatoa kokoto kwenye kiatu, dada yake anamsubiri. Wako wawili, wananiuliza kuna nini cha kula.

Basi pumzika, mama yangu, mwalimu wangu. Furushi nimelifungua. Nguo ziko kwenye misumari, na kitenge chako nimewatandikia kitandani. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Nakuahidi kwamba kitenge kile, maadamu niko hai, hakitafungiwa tena nguo za mtoto.

Mimi wako,
Mama Yusta