Mbao za Msizi

Chonyonyo, Karagwe

Dada Tumaini,

Shikamoo. Naitanguliza ili uipokee kabla hujaanza kunigombeza. Habari za hapo Mufindi, na baridi ya mwaka huu mnaivumiliaje? Goti la shemeji linaendeleaje? Wifi yako anakusalimu, anasema shali uliyomtumia haivui hata akipika. Sisi tupo. Tunaamka na tunakula, mengine utayasoma.

Umenipigia mara tatu kuhusu kuja kujengea kaburi la mama, na mara zote nimekujibu nitakuja. Sikuwa nakudanganya, nilikuwa nashindwa kusema. Kwenye simu nikianza tu, nakusingizia mtandao. Kwa hiyo nimeandika, na dereva wa lori la mbao ameahidi kukufikishia mkononi. Dada, siji. Naomba usome mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Unajua Adelina alivyoanguka na bodaboda kwenye mteremko wa kutoka Rugera, akavunjika nyonga. Tukahama Kayanga tukaja kukaa huku kwao, kwenye nyumba ya kaka yake anayeishi Kyerwa, iliyo ndani ya kibanja cha wazazi wake, boma lao lenye migomba, ili mama yake awe karibu. Mimi mwanamume mzima nikawa nakaa ukweni. Hilo nililimeza. Lililonishinda ni kumwona mke wangu jikoni. Huku mwanamke humenya ndizi ameketi chini kwenye mkeka, miguu kaikunja upande mmoja, na nyonga ya Adelina haikunjiki hivyo tena. Alikuwa anamenya amesimama, ameegemea ukuta, sufuria iko kwenye kigoda chini, kila ndizi anainama. Alikuwa analia kimya kimya, akisema ni moshi. Siku hiyo moto ulikuwa haujawashwa.

Nikakumbuka jiko la mama mmoja mfanyabiashara wa Kayanga, mtu wa Muleba, niliyemtengenezea makabati. Katikati ya jiko ana meza kubwa isiyogusa ukuta wowote, unaizunguka pande zote, wenyewe wanaiita kisiwa. Nilikuwa namcheka kwamba ameweka kaunta ya baa ndani ya nyumba. Sasa nikaona kwamba ndicho kitu Adelina anachohitaji, aketi mahali pamoja na kila kitu kimfikie.

Nilikipanga vizuri, dada, hapo sijilaumu. Nilichora sakafuni kwa mkaa, nikasimamisha makreti ya soda na ubao juu yake, nikamwambia apite na magongo yake. Mara ya kwanza nilimwachia njia ya futi mbili, gongo likagonga kona, nikafuta. Mwisho tukakubaliana futi tatu na nusu pande zote. Kimo nilikipima kutoka sakafuni mpaka kiwiko chake akiwa juu ya stuli, nikapunguza vidole vinne, maana kumenya kunataka mkono ushuke kidogo. Juu nikapanga kutoboa tundu la kudondoshea maganda, ndoo ikae chini yake, mbuzi wapate chao. Adelina alicheka siku hiyo. Akasema atakuwa anapika kama mhudumu wa benki.

Baadaye alirudi hospitali kutolewa vyuma, akakaa huko wiki mbili. Nilitaka akirudi akikute kimekwisha. Mbao za paina nilizokuwa nazo zilikuwa mbichi, zinapinda. Baba mkwe, Mzee Gervazi, alikuwa Kyerwa kwa mwanawe kwenye mavuno ya kahawa, na kabla ya kuondoka aliniambia cha stoo ni chetu sote, nitumie ninachohitaji. Nikaingia. Juu ya kenchi za paa, kwenye mikeka ya zamani, nikakuta mbao nane za msizi, mti wa asili wa huku, futi nane kila moja, pana, zimekauka mpaka zinalia ukizigonga. Sijawahi kushika mbao kama zile tangu nianze ufundi.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilipokuwa kwenye ngazi nazishusha, mama mkwe alitokea mlangoni. Huku mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawapeani mkono, na kusemeshana kunapitia kwa mtu mwingine. Miaka minane nimeoa, namjua kwa sauti yake nyuma ya ukuta. Aliniona, akaona nilichoshika, akasimama kidogo. Halafu akavuta kitenge usoni, akageuka, akaondoka. Mimi nikasema moyoni, ameona na hakunikataza, basi ni ruhusa. Kwetu mama angekuwa na neno angelisema pale pale, na jirani angelisikia. Nikasahau kwamba huyu hata angekuwa nalo, adabu ilikuwa imemfunga mdomo, na ndani ya kibanja hakuwepo mtu wa kumtuma kwangu.

Nilizikata zote futi tano. Vipande vya futi tatu nikavirusha uani viwe kuni, asubuhi havikuwepo, nikajua vimekwenda motoni. Nikaunganisha kwa ulimi na tundu, kingo na miguu nikatumia paina, nikapiga msasa mpaka ukipitisha shavu huhisi kitu.

Adelina aliporudi alisimama mlangoni kwa magongo yake, akakiangalia. Nilingoja furaha. Akaniuliza, taratibu, "Mbao umetoa wapi?" Nikamwambia. Akaketi kwenye stuli niliyompimia, akalaza uso juu ya meza ile.

Msizi ule Mzee Gervazi aliupanda mwenyewe mwaka aliooa. Alipoona nguvu zinapungua aliukata, akapasua mbao, akaziweka kwa ajili ya jeneza lake. Ukoo mzima ulijua, hata watoto walikatazwa kupanda kule juu. Mimi mgeni peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, na hakuna aliyewahi kufikiri mkwe aambiwe jambo kama hilo.

Haikupita muda Mzee akaletwa kutoka Kyerwa, amekonda kama fito. Hospitali walisema arudi nyumbani akapumzike. Unajua maana yake. Siku ya pili akaomba ashikwe mkono mpaka stoo. Aliangalia juu kwenye kenchi, akaangalia muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni.

Akapitisha kiganja juu ya kisiwa, polepole, mpaka vidole vikaingia kwenye tundu. Akauliza la nini. Nikamjibu ni la maganda ya ndizi. Mzee akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata tukamketisha. Alipopata pumzi akasema, "Hilo utaliweka upande wa kichwani. Nitakuwa nachungulia." Dada, mimi nililia kama mtoto, na sikuona aibu.

Halafu akaniambia nimpime. Nikakataa, akarudia. Nikampima kwa utepe wangu, amesimama ameshika ukuta, yeye mwenyewe akinikumbusha nisisahau mabega. Ni mrefu, kwa mbao za futi tano hawezi kutosha hata miguu ikikunjwa. Akasema paina hataki. Akasema asije fundi mwingine. "Wewe ndiye uliyezikata, wewe utaunga." Nikaitika nitaunga, huku najua cha kuungia kimekuwa majivu.

Adelina akaacha kukitumia kisiwa. Akarudi ukutani kuinama na kusaga meno. Baba yake aliposikia, akaagiza kiti chake kiletwe jikoni, akakaa pale akimwangalia mpaka alipopanda kwenye stuli na kushika kisu. Tangu hapo anakuja kila siku kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu anamenya ndizi juu ya mbao zile, na baba yake anakunywa uji juu ya mbao zile, na wote wanajua, na wanaongea habari za mvua. Mimi siwezi kukaa humo. Natoka nje nanoa patasi ambazo hazihitaji kunolewa.

Jumanne hii nilikuwa uani peke yangu. Nikasikia hatua, nikainama pembeni kumpisha mama mkwe kama kawaida. Hakupita. Alikuwa amejitwisha mzigo umefungwa kwa kanga, akautua miguuni pangu, akaufungua. Vilikuwa vipande vyangu vyote nane, vya futi tatu, havina hata alama ya moto. Akaondoa kitenge usoni, akanitazama, mara ya kwanza kwa miaka minane.

"Mwana wangye," akasema, yaani mwanangu. "Siku ile nilishindwa kukuita. Nikaja kuviokota, visiungue."

Akajifunika tena, akaenda zake.

Nimevipanga karatasini, dada. Vinatosha, na kidogo kinabaki. Ukisoma hapa pengine Mzee bado yupo, pengine kisiwa nimeshakifumua. Sasa hivi namsikia jikoni anamuuliza Adelina kama nimekula. Siwezi kumwacha akafia mikononi mwa fundi mwingine. Mama alikwishatusamehe mengi, naomba anivumilie na hili, kaburi lake lisubiri.

Nisalimie shemeji na goti lake, mama mdogo na kuku wake, na katekista aliyemzika mama, mwambie amwombee mzee wa huku. Msalimie pia fundi aliyenifundisha useremala, ila hili usimsimulie. Nakutumia akamwani kidogo, kahawa ya kutafuna ya huku, Mzee ameifunga mwenyewe. Anasema uitafune polepole.

Ni mimi mdogo wako,
Yohana