Asubuhi Baba Alipokwama Kwenye Fumbo

Kabula mwanangu,

Nampeleka baba yako hospitali. Maharage yameiva, yaunge tu. Kuku wafungulie, nimewasahau.

Asubuhi alikaa na gazeti lake kama kawaida. Akanakili ule msemo wa siku kwenye daftari, “Anayeanza leo hachelewi kesho.” Nikamtania kwamba misemo haichoti maji. Akacheka vizuri tu, akaanza kujaza fumbo la maneno.

Mara akaniuliza, “Mama Kabula, mji wa misafara ya zamani, herufi sita, ni upi?”

Nikamcheka. “Mzee, si hapahapa Tabora unapokaa?”

Akanitazama kama hanijui. Peni ikamdondoka, mdomo ukapinda upande mmoja, na mkono wa kulia ukalegea kama kitambaa. Nahisi ni kiharusi. Mimi nilikuwa bado nacheka, mwanangu. Mungu anisamehe.

Niletee shuka mbili, chupa ya uji na kadi ya bima. Iko kabatini, chini ya nguo zake za kanisani.

~~Usimwambie mdogo wako kwanza, atachanganyikiwa bure.~~ Hapana, mpigie Gerson huko Goweko, aache shamba la tumbaku aje leo hii. Siwezi kukaa na hofu hii peke yangu.

Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama. Jirani amemshikilia baba yako kwenye bajaji hapo nje. Namsikia ananiita, kwa shida, “Tekla, Tekla.” Tangu uzaliwe hajaniita kwa jina hilo. Nakimbia.

Mama yako