Mashine ya Mama Barafu Imepona

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za baba yako, mzima wa afya isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Wewe hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na huyo mjukuu wangu, meno yameshatoka au bado anawachekea kwa ufizi? Mbusu kwa niaba yangu, mashavu yote mawili.

Najua shangazi yako ameshakupigia simu. Dada yangu yule akilijua jambo asubuhi, kufika mchana hata kuku wa jirani wanalo. Amekwambia baba yako haonekani karakana, kila siku yuko kwenye duka la barafu la yule mjane, na bila shaka akamalizia kwamba ng'ombe hazeeki maini. Naandika ili uyasikie kutoka kinywani mwangu, halafu uniambie neno lako bila kunionea haya. Kwa simu nisingeweza. Ningekuuliza kama huko kwenu kuna joto, kisha ningekata.

Mama Barafu, ndivyo mtaa mzima unavyomwita, ana mashine ya barafu ya siku nyingi, kubwa kama kabati la nguo, na kwa mashine hiyo amelea wanawe mpaka wakajitegemea. Wauza samaki na wauza vinywaji wote wanamtegemea yeye. Basi ikaanza kutoa vipande vyembamba kama vioo vya miwani, baadaye ikawa inanguruma tu. Fundi wa kwanza alimshauri aitupe. Wa pili akataka kuijaza gesi ya kupikia, eti nayo inapoza. Kupoza inapoza, lakini mashine ile ina swichi zinazotoa cheche, na gesi ikivuja katika kile chumba kidogo, mtaa mzima ungeota moto bila kukoka kuni. Mama Barafu alimwonyesha mlango, akaja kuniita mimi.

Nilipofungua mgongo wa mashine nikaona mafuta meusi kwenye kiungio cha bomba, na hapo ndipo gesi ilipokuwa ikitorokea. Kuchomelea bomba si kazi. Kazi ni kwamba gesi iliyozaliwa nayo haitengenezwi tena, na ile mitungi inayouzwa kwa kificho huwezi kujua ndani kuna nini. Nikamweleza kwamba zipo gesi mpya za mchanganyiko, ila si kila moja inapatana na kompresa ya zamani, ule moyo wa mashine. Nyingine zinaisukuma kupita kiasi, nyingine zinaiacha oili njiani, kompresa inakauka na kufa. Alisikiliza, kisha akauliza maswali ambayo wateja hawaulizi. Alitaka kujua oili inarudije kwenye kompresa. Akauliza kama barafu itachelewa. Nikamwambia itachelewa kidogo, naye akasema hata yeye siku hizi anachelewa kidogo na watu bado wanamngoja.

Nikachagua gesi inayofaa, nikabadili oili na filta, nikafyonza hewa na unyevu kwa pampu, nikaweka mtungi kwenye mizani, nikajaza. Mashine ikawaka. Nikapewa chai, nikajiona bingwa. Kesho yake barafu ikatoka nene juu, na chini nyembamba kama utandu wa maziwa.

Nikarudi. Nikatafuta uvujaji, hakuna. Nikasafisha koili, yale mabomba yaliyojikunja, nikabadili na valvu ya maji, maskini, isiyokuwa na kosa lolote. Wapi! Kila nikirudi, shangazi yako yuko dirishani. Mwisho nilikaa chini nikaikumbuka kazi yangu hatua kwa hatua, na nilipofika kwenye mtungi nikashika kichwa.

Mwanangu, umekulia karakana, unalijua hili. Mitungi yetu hii, gesi ikiwa ya mchanganyiko, unaipindua kichwa chini ili gesi itoke ikiwa majimaji, yote kwa pamoja. Ukiusimamisha mtungi, zile nyepesi zinatangulia, nzito zinabaki, na mashine inapewa kitu kisicho na jina. Mwanafunzi akifanya kosa hilo namfokea mpaka majirani wanamwonea huruma. Safari hii nimelifanya mimi, fundi mkuu, na mvi zangu zote.

Nilikuwa na nini siku ile? Mama Barafu alikuwa karibu yangu amenishikia tochi, ananisimulia alivyomtimua muuzaji wa mashine mpya, nami nikacheka mpaka machozi. Tangu marehemu mama yako atutoke sikuwa nimecheka vile. Mtungi ukasimama wima kama askari, nami sina habari.

Nikaenda kukiri kosa langu kwake. Ajabu ni kwamba hakushtuka. Akaniambia mtungi aliuona. Ubavuni umechorwa picha ya jinsi ya kuupindua, na yeye macho anayo. Alinyamaza kwa kuwa alijua barafu ikiharibika nitarudi, na barafu mbovu ya siku chache hakuiona kuwa hasara.

Lisemwalo lipo, mwanangu. Nampenda, naye ananipenda, na tungetaka kuoana. Usije ukadhani nimekupigia mfano wa gesi mpya na gesi ya zamani. Mama yako hakuwa gesi, na hakuna anayejazwa mahali pake. Lakini nyumba imekuwa kimya mno, na mimi ni mtu wa maneno mengi. Nimemwambia sitaposa mpaka wewe useme, naye akasema vyema, kwani haingii nyumbani ambako binti hajamfungulia mlango. Ukikataa nitaumia, sitakuficha, ila nitabaki baba yako yule yule.

Msalimie mkwe wangu, mwambie lile friji lenu alifute vumbi nyuma kabla sijaja kulifuta mwenyewe. Shangazi yako naye anakusalimu, ingawa najua salamu zake zimenitangulia.

Nijibu upesi, mama. Nimeinasa na kuitoa gesi yote ile mbovu, nikajaza upya, mtungi kichwa chini, na sasa mashine imepona kabisa. Haivuji, haingurumi, haina hata skrubu iliyolegea, na mimi sina tena sababu ya kwenda pale.

Ni mimi baba yako,
Fundi Friji