Slaidi Moja ya Mama

Mtambile, Pemba

Kwa dada yangu Shamima,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, wewe, shemegi na watoto. Sisi huku hatujambo, ila magoti ya mama yanamsumbua akiinuka. Karafuu zimeanza kuanikwa na nyumba nzima yanukia. Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Lakini haya siwezi kukwambia kwa mdomo. Ungenikatiza, na mie ningenyamaza.

Zile filamu tatu za slaidi ulizompa Haroub aniletee zilinifika salama. Uliniagiza nichague itakayoipendeza ngozi ya mama, maana miaka tisa hujamwona. Na sharti lake unalijua: nywele atafungua, asumini atavaa, lakini picha iwe moja tu duniani. Tangu picha za harusi ile ya Vitongoji zizunguke mpaka kwa wasiohusika, mama haiamini simu ya mtu. Nikamweleza kuwa slaidi ndiyo kipande kile kile kilichokaa ndani ya kamera, na nikamwahidi sitainakili. Akaridhika.

Kuchagua kulinichukua mwezi mzima. Filamu ya kwanza nilimjaribia jirani yetu Mwanawema. Rangi zake kali. Kanga ilipendeza, migomba ilipendeza, yeye akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Alininunia siku mbili. Ya pili nilijipiga mwenyewe, nikatoka nimepauka, na ubuluu chini ya macho, utasema nimeamka na homa. Aliyeitengeneza hakutufikiria sie weusi. Ya tatu ilikuwa pole, ina joto kidogo. Niliupiga mkono wangu, nikakata kipande kile gizani na kukisafisha kwa dawa mpaka picha ikatoka. Nilipokiinua kwenye mwanga niliujua mkono kuwa ni wangu.

Mama aliketi kizingitini saa nne asubuhi, mwanga ukimrudia kutoka ukuta wa chokaa wa mbele. Nilimwomba atazame pembeni ya kamera. Harufu ya asumini na karafuu ilikuwa imechanganyika, nami nikahisi nimerudi utotoni, nimekaa namngoja anisuke. Mara akatabasamu tabasamu ambalo sijapata kuliona. Nikamwuliza anamtazama nani.

"Namtazama Shamima," akanambia. "We n'nakuona kila siku."

Dada, nilikwambia kwenye simu kuwa filamu iliharibika ndani ya dawa. Nilikudanganya. Nyengine zote kweli hazifai, kafumba macho au mwanga umezidi, lakini ile moja imetoka kama alivyo, mpaka mikunjo ya shingo. Nikaificha ndani ya kopo la hina. Kila alasiri naitoa, naiinua dirishani, natazama anavyotabasamu na kujifanya anayetazamwa ni mie. Ni wivu, dada, sina jina jengine. Mie ndiye nimkandaye magoti, na tabasamu likawa lako.

Juzi mama akaniuliza kama picha imekufika. Nikajibu imefika. Akauweka ungo chini, akaniuliza:

"Kasemaje?"

Nikajitia kwenda kuzigeuza karafuu, nikakaa nje kwenye majamvi mpaka adhana. Tangu siku hiyo simu yoyote ikilia, hata ya Mwanawema, anainua uso.

Basi imo humu, ndani ya karatasi nyeupe. Ishike pembeni, usiiguse katikati, uielekeze kwenye mwanga wa asubuhi. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi sasa, nikasirikie baadaye, muda upo.

Nisalimie shemegi na watoto. Mwanawema anakusalimu, ingawa na filamu yako ile bado hawajapatana. Mama hakutuma salamu. Anasema zake zimo kwenye picha. Ukishaiona mpigie yeye kwanza, kabla yangu. Anangoja kusikia umesemaje.

Mdogo wako,
Asma