Shangazi Akataa Sakafu za Mteremko

Kaka Idi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Amani, Unguja. Mvua inanyesha, nasi tunakula mkate wa kumimina. Shangazi Zuwena amekubali nyumba yake ivunjwe, lijengwe ghorofa la kuegesha magari, lakini jana nusura asitie saini. Mhandisi alileta ramani yenye sakafu za mteremko kutoka chini hadi juu, ili magari yapandie humo humo.

"Mwanangu, siku gari zikiondoka, nani ataweza kuishi humu?" Shangazi alimuuliza.

"Gari haziondoki, Bi Zuwena. Kila mwaka zinazidi."

"Nshaona mengi yakizidi, kisha yakaondoka. Nataka sakafu zilale sawa na dari ziwe juu, ili wajukuu wakitaka vyumba watie kuta tu. Kama haiwezekani, mie sihami."

Mhandisi akachukua penseli, akaihamishia nje ya jengo njia ya kupandia magari, na sakafu akazichora sawa. Shangazi akatia saini, kisha akaingia chumbani mwake akalia. Nilimfuata, nikamshika mkono.

"Nailia nyumba tu," aliniambia. "Moyo wangu umetulia."

Wabusu watoto. Mungu akulindeni mpaka nije kukukumbatieni.

Mdogo wako,
Rehema