Shimo la Udongo Handeni

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Handeni.
Vumbi la barabara bado masikioni. Darasa la ufinyanzi linaendelea. Bibi Mwanahawa anawafundisha wanawake. Mimi, mwalimu wa sanaa niliyetumwa kutoka Korogwe, nateka maji na kuita majina. Vyungu vya kwanza vinakauka kivulini. Bwana Elimu, afisa wa serikali, anakuja Jumamosi kukagua. Asipoona kazi, darasa linafungwa, narudi Korogwe kuchora ramani ubaoni. Sitaki.

Jumatano, 8 Agosti.
Udongo umekwisha. Bibi yuko msibani, wanawake wote wamemfuata. Nikachukua jembe, nikashuka shimoni mwenyewe. Mwanamume haendi pale, vyungu vitapasuka motoni. Najua, mimi ni Mzigua. Nikasema hayo ni ya bibi zetu, na Bwana Elimu hangoji matanga yaishe. Kikapu kimejaa. Nimejisifu njia nzima.

Alhamisi, 9 Agosti.
Bibi ameona alama za viatu shimoni. Nani mwingine hapa anavaa viatu kwenda kuchimba? Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. "Mwalimu, umetuharibia shimo." Basi. Wanawake wamebeba vyungu vyao, wamekwenda. Banda tupu. Naogopa.

Ijumaa, 10 Agosti.
Nimekwenda kwa mume wa Bibi na kuku. Kuku alipokewa vizuri kuliko mimi. Sharti: udongo urudi, niubebe mwenyewe, kichwani, mchana. Nikapita nao sokoni. Mhindi wa duka la nguo alitoka na mkasi mkononi kunitazama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikaongeza mwendo kwa hasira. Njiani wanawake wakanipokea kikapu, wakanirudisha nisikanyage tena shimoni. Shimo litapumzika hadi mwezi uandame. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaanza kutembea.

Jumamosi, 11 Agosti.
Meza tupu. Nilifikiri kununua vyungu sokoni, niseme ni vya darasa. Nilifika mlangoni mwa banda, nikarudi. Bwana Elimu nimemweleza yote. Akatazama saa, akafunga darasa. Nimemchukia. Nimejichukia zaidi.

Jumapili, 9 Septemba. Korogwe.
Dereva wa basi ameleta habari. Shimo limefunguliwa. Bibi Mwanahawa anafundisha uani kwake, na wanawake wanatoka hata Kabuku. Mwanamume haingii. Mimi sikutajwa.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akasema anataka kwenda kujifunza.

Nimemfungia mkeka wake. Basi linaondoka asubuhi.