Sare Zisizo na Mifuko

Jumatatu, 3 Machi

Duka limefungwa! Kufuli la manispaa limening'inia mlangoni. Kosa langu: leseni imeisha muda. Na nimehangaika kuihuisha tangu mwaka uanze! Kila nikifika dirisha la leseni, bwana mkubwa wa pale ananiambia njoo kesho. Mtaa mzima unamwita Njookesho, na anaitika.

Mume wangu anasema dawa niliijua: penye udhia penyeza rupia. Nikamwambia apenyeze za kwake, zangu nimezipata kwa kuumiza mgongo. Sasa cherehani iko ndani. Na gauni la harusi la binti wa jirani liko ndani, limebaki pindo tu. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22. Nilimwahidi mama yake kwa kinywa kipana. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Leo Njookesho kaniita ofisini kwake, akanipa kiti. Nikajua kuna jambo.

Kumbe mkuu mpya wa kupambana na rushwa ametoa amri: watumishi wote wa madirishani washonewe sare zisizo na mfuko hata mmoja. Koti, suruali, sketi – mifuko marufuku. Zivaliwe kwenye sherehe ya Wiki ya Uadilifu. Fundi anatafutwa. Nikauliza malipo. Akatabasamu.

"Malipo si leseni yako, mama?"

Yaani naombwa rushwa ya kushona nguo za kuzuia rushwa! Kicheko kikanipanda, nikakigeuza kikohozi. Nimekubali. Mkono mtupu haulambwi, na mimi sina kingine cha kulambwa.

Ijumaa, 7 Machi

Askari wa manispaa amefungua kufuli asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, amekunja nne. Masharti: duka linafunguliwa kwa kazi ya manispaa tu. Jioni linafungwa. Gauni lisiguswe, maana hiyo ni biashara bila leseni.

Limetundikwa mbele ya macho yangu. Nilinyoosha mkono nilipanguse vumbi – askari akaguna. Mama wa bibi harusi akachungulia dirishani, akauliza mambo yanakwendaje. Nikasema karibu namaliza. Uongo mtupu.

Jumanne, 11 Machi

Vipimo. Walikuja kwa pamoja, wakapimwa, wakaondoka wakisifu amri. Halafu wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Karani wa vyeti vya kuzaliwa anataka kamfuko kadogo, ndani, ka dawa ya pumu. Wa viwanja anataka ka miwani. Miwani yenyewe sijawahi kumwona nayo. Dada wa masijala, yeye anataka ka kitabu cha sala, tena kapana kidogo. Nikamuuliza anasali na kitabu kikubwa namna gani? Akanuna. Kila mmoja kaniomba nisiwaambie wenzake. Ni tarishi peke yake aliyepimwa akaenda zake.

Jumatano, 12 Machi

Njookesho naye! Amekuja jua likizama, akamtuma askari sigara. Anataka wake kwenye bitana, kitambaa cha ndani ya koti, upande wa kushoto, chini ya kwapa. Mrefu. Nikamkumbusha amri.

"Amri ni ya macho, mama," akasema. "Kwani mkuu atatutia mikono?"

Nimeshona. Nimeona aibu, lakini nimeshona, na kwa uzi wa rangi ya bitana, mshono haujulikani. Ubaya wa ufundi ndio huu: hata upumbavu mkono unaushona vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu ananiita Waziri wa Mifuko. Amecheka mpaka kajifuta machozi. Mimi sikucheka. Mama wa bibi harusi alikuja jioni na shangazi mtu, wakakaa, hawakunilaumu. Afadhali wangenitukana.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nyuma ya turubai, kwenye sherehe.

Mkuu mpya ni mama mfupi, mkavu, hacheki. Watumishi wamepangwa jukwaani na sare zao, mikono inaning'inia, hawajui waiweke wapi. Watu wamepiga makofi. Mkuu akauliza fundi yuko wapi, nikasimama. Akatangaza kwamba baada ya soda nitapanda, nigeuze koti moja ndani nje mbele ya kamera, wananchi wajionee.

Soda ilinipalia.

Njookesho kanifuata huku nyuma, jasho hadi kwenye kola. Anataka nichague koti la tarishi. Nikamuuliza: na leseni yangu? Akajigonga chini ya kwapa. Karatasi ikalia mle ndani.

"Iko hapa, imeshapigwa muhuri. Tukimaliza salama, unaichukua."

Leseni yangu imo kwenye mfuko wangu! Nikiuficha, keshokutwa binti wa watu anaolewa akiwa na gauni lake. Nikiufunua, karatasi itatoka mbele ya kamera na wote tutaulizwa, mimi wa kwanza, maana mshono ni wangu. Na nikiuficha, kesho Njookesho anampata mwingine, amfungie duka. Nina hasira, na najionea huruma, na sijui nimhurumie nani zaidi.

Kipaza sauti kimewaka. Mkuu anasema hatanisumbua kuchagua, amechagua mwenyewe. Nachungulia kwenye upenyo wa turubai – anamvua koti Njookesho! Naye kalishikilia kwapani kama mtoto aliyepakatwa. Limemtoka. Limewekwa mezani.

Wananiita. Fundi, fundi! Watu wanapiga makofi.

Naenda. Nitaanza kugeuza upande wa kulia, usio na mfuko, nipate muda wa kufikiri.